Programu kwa wote, siri za walio hai kwa ufunguo

Mwezi Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa chembe za urithi za watu 80 wa kale kutoka miji ya pwani, Manda ikiwamo, na mji mmoja wa bara. Ulibaini kuwa wanaume wenye asili ya Uajemi na wanawake wa Kiafrika walianza kuchanganya damu takriban mwaka 1000.

Utafiti wa aina hii una mafungu mawili: programu za kukokotoa, na data zenyewe. Programu hufaa kutolewa kwa wote, ili mtafiti wa Nairobi arudie hesabu za mwenzake wa Marekani na kubaini kosa, endapo lipo.

Data za aliye hai ni jambo jingine. Hata jina likifutwa, chembe zake zaweza kumfichua yeye na jamaa zake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzihesabu kuwa taarifa nyeti.

Kwa hiyo data hazipaswi kuwekwa ghala moja na programu. Ghala la programu hutunza kila toleo. Faili ikiingia kwa bahati mbaya, kuifuta leo hakuondoi nakala ya jana. Data zikae pengine, kwa ufunguo, na majaribio yafanywe kwa data za kubuni. Lamu, ambako nasaba ni heshima, siri ikishavuja haizoleki.