Mistari Myekundu Chini ya Kiswahili Chako

Walimu na wanafunzi wengi hapa Kampala wanaoandika Kiswahili kwenye kompyuta zao za nyumbani hukuta ukurasa mzima umejaa mistari myekundu. Wengine hudhani ni virusi. La hasha! Programu inakisoma Kiswahili kwa kamusi ya Kiingereza. Hasara yake ni kubwa: mwandishi huzoea kuipuuza mistari yote, na "mwanfunzi" hupita bila kuonekana.

Tufanyeje? Kwanza, bonyeza Ctrl na A pamoja ili kuteua andiko lote. Pili, tazama chini kabisa ya dirisha la Microsoft Word au LibreOffice. Jina la lugha huandikwa hapo. Libofye, uchague Kiswahili. Katika Word, ondoa pia alama ya tiki inayoiruhusu programu kuitambua lugha yenyewe, la sivyo huenda ikarudia Kiingereza.

Tatu, andika neno lenye kosa makusudi. Lisipopigwa mstari, basi kamusi ya Kiswahili haimo. Ipakue, hutolewa bure kwa programu zote mbili.

Tatizo jingine huwapata wanaoandika juu ya sarufi. Ukiandika kiambishi "i" peke yake, Word hukigeuza kuwa "I", kama nafsi ya kwanza ya Kiingereza. Bonyeza Ctrl na Z papo hapo, nayo herufi yako itarudi.

Hata hivyo, neno sahihi kama "tulivyowaandikia" laweza bado kupigwa mstari, maana si rahisi kamusi ya kompyuta kubeba minyambuliko yote ya vitenzi vyetu. Ukiwa na hakika nalo, liongeze kwenye kamusi kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Ukiwa na shaka, fungua kwanza kamusi ya karatasi, kwa kuwa kosa likiingizwa humo halitaonyeshwa tena.

Mwisho, tusiiachie mashine kazi yetu. Katika tahajia ya Luganda, "r" hufuata "e" na "i", na kwingineko huandikwa "l". Ndiyo maana mwanafunzi wetu huandika kwamba bwana harusi alilipa "mahali", kisha wageni wakaenda kwenye "kalamu". Maneno yote mawili yamo katika kamusi, kwa hiyo hakuna mstari mwekundu. Mahari na karamu vitaokolewa na jicho la mwalimu.