Mnanaha: Gugu la Kando ya Boma Linalovuruga Akili

Mtoto aliyeondoka nyumbani akiwa mzima anarejea akipepesuka. Mdomo umemkauka, ngozi ni moto, mboni za macho zimepanuka, na anazungumza na watu ambao hakuna mwingine anayewaona. Wengi hufikiria kwanza mapepo, uchawi au malaria iliyopanda kichwani. Lakini wakati mwingine chanzo ni mmea ulio hatua chache kutoka mlangoni: mnanaha.

Mmea wenyewe

Mnanaha, ambao wanasayansi huuita Datura stramonium, humea kando ya barabara, kwenye majaa, karibu na zizi la ng'ombe na katikati ya mahindi na maharagwe. Majani yake ni mapana yenye kingo zilizochongoka, na yakifikichwa hutoa harufu mbaya. Ua lake ni jeupe au la zambarau hafifu, lenye umbo la tarumbeta. Tunda limejaa miiba na likikauka hupasuka sehemu nne, likimwaga mamia ya mbegu bapa za rangi nyeusi au kahawia.

Jamaa yake wa karibu ni ule mti wa bustani wenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta. Huo nao una sumu ya aina hiyohiyo.

Unavyoathiri akili

Sehemu zote za mnanaha zina kemikali za atropini, skopolamini na hayosiamini. Kemikali hizi huzuia kazi ya asetilikolini, ambayo hupeleka ujumbe kati ya neva na viungo vya mwili. Mate na jasho hukauka, moyo hwenda mbio, mkojo huziba na joto la mwili hupanda. Katika ubongo, kumbukumbu na utambuzi huvurugika.

Hapo ndipo mnanaha unapotofautiana na vitu vingine vinavyoleta maruweruwe. Uyoga wenye silosibini, au LSD iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1938 na mwanakemia Albert Hofmann wa Uswisi, hufanya kazi kupitia kemikali nyingine ya ubongo, serotonini. Vitu hivyo pia vina hatari zake, lakini mara nyingi aliyevitumia hufahamu kwamba anachokiona kimeletwa na dawa. Aliyekula mnanaha hafahamu. Anaweza kuingia barabarani au mtoni akiamini yuko nyumbani, na baadaye asikumbuke lolote. Hali hiyo inaweza kudumu siku moja au mbili, na macho yakabaki na ukungu kwa siku kadhaa zaidi.

Vijana wanaoambiwa na wenzao kwamba mbegu chache hazina neno wanadanganywa. Kiasi cha sumu hutofautiana kati ya mmea na mmea, hivyo hakuna kipimo salama.

Si vijana pekee

Mwaka 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, mamia ya watu waliugua na watano wakafariki baada ya kula uji wa chakula cha msaada kilichokuwa na sumu ya aina hii. Uji ulikuwa umepikwa. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo.

Kwa hivyo wakulima wanashauriwa kung'oa mnanaha kabla haujazaa, kwa kuwa mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri mvua. Vaa glavu, na usiguse macho kabla ya kunawa mikono. Pepeta na kuchagua nafaka na maharagwe kabla ya kupeleka kwenye kinu. Anayechuma terere au managu shambani akague kila jani, kwa maana miche ya mnanaha huota papo hapo.

Ukikuta mtu ameathirika

• Mpeleke hospitalini mara moja, hata kama dalili bado ni ndogo.
• Usimlazimishe kutapika, na usimpe maziwa wala dawa ya kienyeji.
• Usimwache peke yake. Mweke mahali penye utulivu na hewa, mbali na barabara, maji na moto.
• Usimfunge kamba wala kumpiga. Hajui anachofanya.
• Beba kipande cha mmea au chakula alichokula, umwonyeshe daktari.

Mweleze daktari ukweli wote bila kuogopa aibu. Dalili hizi hufanana na za malaria kali na za homa ya uti wa mgongo, na mgonjwa anayepelekwa kwanza kuombewa au kuaguliwa hupoteza saa ambazo zingemwokoa.

Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu mtoto anayetumia mihadarati ya aina yoyote anaweza kupiga simu bila malipo kwa NACADA, nambari 1192.