Mti Unaongoja Pumzi Yako

Sogeeni, wanangu. Sogeeni karibu. Na wewe mdogo, kaa hapa mkekani nikuone.

Jana mpwa wangu aliniuliza swali. Lilikuwa swali zuri, na swali zuri halilazwi na njaa. Hulishwa hadithi.

Aliniuliza hivi: "Mjomba, shuleni tunaye mwalimu wa muziki. Kwa nini tena niende kwa mwalimu mwingine, peke yangu, kila Jumamosi, kujifunza klarineti?"

Ahsante, mpwa. Hilo ni swali la mtu anayefikiri. Lakini leo sijibu mimi. Atajibu klarineti mwenyewe.

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo, utamu kolea!

Paliondokea msichana mmoja, umri wake kama wako. Siku moja aliletewa sanduku dogo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na vipande vitano, vyeusi, vinang'aa. Kipande cha mdomo. Kipipa kifupi. Mwili wa juu. Mwili wa chini. Na mwisho kabisa, kengele pana kama ua la boga.

Msichana akaviunga kimoja kimoja. Alipomaliza tu, akasikia sauti.

"Taratibu, bibie. Mimi ni mzee."

Msichana akashtuka. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mpingo," akasema klarineti. "Umewahi kuona kinyago cha Wamakonde? Kile cheusi, kizito? Yule ni ndugu yangu. Nilizaliwa msituni, kusini mwa Tanzania, upande wa Kilwa. Nilikua polepole. Mpingo huchukua miaka 70, hata zaidi, ndipo hufaa kukatwa. Watoto walizaliwa, wakaoa, wakazeeka, nami bado nakua. Leo kidogo, kesho kidogo. Ndiyo maana mwili wangu ukashikana. Gogo langu ukilitupa majini, linazama kama jiwe."

"Mti unazama?"

"Huu unazama. Umeuliza vyema. Basi nikakatwa vipande, nikavuka bahari hadi Ufaransa, mji wa Mantes-la-Ville. Huko nikakaushwa. Nikatobolewa. Nikavishwa vitufe vya chuma. Ukoo wangu lakini ulianzia Ujerumani, mjini Nürnberg. Karibu mwaka 1700, fundi Johann Christoph Denner alichukua ala moja ya zamani ya kupuliza, akaiboresha, akatupata sisi. Mimi nimevuka bahari tena, nimerudi Afrika. Sasa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Pumzi."

Ah! Msichana hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akamweka klarineti mdomoni, akapuliza.

Fyuuu. Upepo mtupu.

Akapuliza kwa nguvu zaidi.

Kwaaak!

Kaka yake akacheka mpaka akajishika mbavu. "Kuna bata humu ndani!"

Machozi yakamlenga msichana. "Klarineti, mbona unanilia kama bata?"

"Mimi nasema kile ninachopewa," akajibu klarineti kwa upole. "Umeniuma kwa meno kama muwa. Na vidole vyako vimeacha nafasi. Nipeleke kwa Mwalimu."

Jumamosi ikafika. Nyumbani kwa Mwalimu palikuwa na baraza dogo. Viti viwili. Kinara kimoja cha kuwekea daftari la nota. Msichana akategemea kusikia maneno mengi. Mwalimu hakusema mengi. Alisema, "Puliza, nikusikie." Kisha akanyamaza, akasikiliza.

Hebu fikirini, wanangu. Mtu mzima amekaa, amenyamaza, anasikiliza pumzi ya mtoto mmoja. Si jambo dogo hilo.

Kwanza Mwalimu akamwonyesha ulimi wa klarineti. Ndiyo, klarineti ana ulimi! Ni kijiti chembamba kilichochongwa kutoka kwenye tete, kikafungwa kwenye kipande cha mdomo. Ukipuliza, kinatetemeka upesi sana, na mtetemeko huo ndio sauti. Kikiwa kikavu hakisemi vizuri. Kwa hiyo hulowanishwa mate kwanza. Nawe ukiuma sana, unakibana, hakitetemeki. Nani anaweza kusema huku ulimi wake umebanwa?

"Mdomo wa chini uukunje kidogo juu ya meno," akasema Mwalimu. "Meno ya juu yatue taratibu. Sasa vuta pumzi."

Msichana akavuta pumzi, mabega yakapanda hadi masikioni.

"Ukitia maji mtungini," akauliza Mwalimu, "hujaa kuanzia wapi?"

"Chini."

"Vyema sana! Nawe jijaze kuanzia chini. Weka mkono tumboni. Mabega yapumzike."

Msichana akajaribu. Tumbo likasukuma mkono.

"Leo usizibe tundu hata moja," akasema Mwalimu. "Puliza tu. Hesabu mpaka nane."

Na klarineti akaimba. Sauti moja tu, ya mviringo, ikatoka barazani ikazunguka ua. Moja, mbili, tatu, nne, tano... ikakatika. Lakini bata hakuwepo!

Wiki iliyofuata wakaanza kuziba matundu. Bata akarudi. Kwaaak! Mwalimu akainama, akatazama vidole. "Kidole hiki cha pete kimeacha ufa mwembamba kama unywele."

"Ufa mdogo hivyo?" akauliza msichana.

Hapo klarineti akajibu mwenyewe: "Chungu kikiwa na tundu dogo, je, maji yanasema 'tundu hili ni dogo, tusitoke'?"

"Hapana. Yanatoka."

"Basi na hewa ni hivyo hivyo."

"Mbona mimi sikuuona ufa huo?"

"Kwa sababu macho yako yalikuwa kwenye nota, na akili yako ilikuwa kwenye pumzi. Anayepuliza hajioni. Mwalimu anakuazima macho na masikio yake, mpaka ya kwako yafunguke."

Sasa, mpwa, shika neno hilo. Mwalimu anakuazima masikio.

Utasema, "Lakini Mjomba, mwalimu wa shule naye ana masikio." Anayo, na ni mwalimu mwema. Ila yeye ni kama mvua. Mvua hunyeshea shamba zima, na bila mvua hakuna shamba. Lakini mche mmoja ukianza kugeuka njano, lazima mtu achuchumae. Atazame jani. Atazame shina. Aumwagilie kwa kata, pale pale panapohitaji. Mwalimu wako wa Jumamosi ndiye huyo aliyechuchumaa.

Wala msidhani jambo hili ni geni kwetu. Huku Pwani, Lamu na Mombasa, tuna zumari. Zumari ni binamu wa klarineti, na yeye ulimi wake una tabaka mbili. Mmewahi kumwona mpiga zumari? Mashavu yametuna kama maandazi. Sauti haikatiki! Inakuwaje? Mashavu yanasukuma hewa nje, na pua wakati huo huo inavuta nyingine ndani. Jambo kama hilo ni gumu kuliiba kwa macho ukiwa umesimama mbali. Unakaa ubavuni mwa fundi. Unapuliza, anakusikia. Unakosea, anakuonyesha. Somo la mtu mmoja ni hilo.

Turudi kwa msichana. Siku moja alikuwa na furaha, akapanga kupuliza mchana kutwa.

"La, bibie!" akalia klarineti. "Mimi bado mpya. Dakika kumi tu."

"Kumi tu? Kwa nini?"

"Bibi yako akinunua chungu kipya, hukitia kwenye moto mkali siku ya kwanza?"

"Hapana. Huanza na moto wa polepole. La sivyo kitapasuka."

"Umejibu kama fundi! Pumzi yako ina joto na unyevu. Ndani mwangu mbao zinavimba, nje bado zimetulia. Ukinizidishia, nitapasuka. Leo kidogo, kesho kidogo. Na ukimaliza nipitishie kitambaa ndani, nikauke."

Nawe mwanangu, midomo yako pia ni mipya. Mapafu yako ni mapya. Vidole vyako ni vipya. Mti na mtoto wanazoeana pamoja.

Na hapa kuna siri. Wiki ina Jumamosi moja tu. Siku sita zilizobaki ni za nani? Ni zako. Mwalimu huandika daftarini: sauti ndefu, kisha ngazi moja ya sauti, kisha kipande kifupi cha wimbo. Wewe unapita humo kila siku. Mmeiona ile njia inayokatiza majani kwenda kisimani? Nani aliilima? Hakuna. Ni miguu, kila siku, kila siku. Mtu akipita mara moja kwa wiki, hata akipita kwa kishindo, majani yatasimama tena.

Mdogo wangu wa mkekani ameinua mkono. Sema, mwanangu.

"Je, Mwalimu akimsahihisha kila mara, ina maana hampendi?"

Lo! Njoo nikupe mkono kwa swali hilo. Umemwona bibi akichambua mchele? Anatoa chenga, anatoa mawe. Je, anauchukia mchele?

"Hapana. Anataka kuula!"

Ndiyo. Mchele asioutaka, asingeukalia ungo.

Basi miezi ikapita. Jioni moja msichana alikaa uani. Bibi alikuwa na ungo wake, anapepeta. Kaka alikuwa kisimani. Msichana akajijaza pumzi kuanzia chini, kama mtungi. Akaziba matundu, bila ufa. Akapuliza sauti moja ndefu. Moja, mbili, tatu... nane. Haikukatika. Akashuka ngazi, akapanda tena.

Lakini katikati, wanangu, sauti moja ilipinda kidogo. Kidogo sana. Mwalimu hakuwepo. Msichana akasimama. Akatazama kidole chake cha pete. Akakisogeza mwenyewe, akarudia. Ikanyooka.

Klarineti akanong'ona, "Umesikia mwenyewe."

Bibi alikuwa ameacha kupepeta. Ungo umetulia mapajani, kichwa ameinua. "Mjukuu wangu," akauliza, "ni chuma hicho au ni mti?"

"Ni mpingo, Bibi. Wa Kilwa."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Rudia," akasema.

Msichana akarudia. Kisha akachukua kitambaa, akakipitisha ndani, akakausha. Akavilaza vipande vitano sandukuni, kimoja kimoja.

"Kesho?" akauliza klarineti.

"Kesho," akajibu msichana. "Dakika kumi na tano."