Mlango wa Shangani hautaki vanishi ya kabati

Pita Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, alasiri, jua linapoelemea upande wa bahari, utaona milango ya nakshi imebambuka vanishi kama magamba. Mbao hazina ila: msaji, mfenesi na mbambakofi ni miti ya kudumu. Kosa ni kuupa mlango wa nje kinga iliyotengenezewa kabati la chumbani.

Vanishi hujenga utando juu ya mbao. Ndani ya nyumba utando huo ni neema: chai ikimwagika mezani, unafuta, basi. Nje mambo hubadilika. Mbao hufura kwa unyevu wa Masika na kunywea wakati wa Kaskazi. Utando uliokwisha kukakamaa kwa jua hauwezi kuzifuata, hivyo hupasuka, na maji ya mvua yakiingia kwenye nyufa hunaswa chini yake. Isitoshe, vanishi isiyo na rangi huiachia miale ya jua ipite mpaka kwenye mbao, nayo huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi. Hapo utando hauna tena cha kushikilia.

Kwa mlango wa nje, basi, chagua rangi ya mbao ya mafuta, inayopenya na yenye chembe za rangi ndani yake. Chembe hizo ndizo zinazokinga jua. Rangi ya namna hii haibambuki, hufifia tu; ikififia unaosha, unapiga msasa kidogo na kupaka tena. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa nayo yanafaa, yakipakwa membamba, ila kwenye vichochoro visivyopata jua huota kuvu. Mafuta ya nazi usiyatumie: hayakauki, na yatakusanya vumbi la mtaa mzima.

Anza kwa kuuosha mlango kwa maji ya bomba ili chumvi itoke, kisha uuache ukauke siku kadhaa. Vanishi ya zamani iondoe yote, kwa sababu rangi haipenyi utando. Kwenye nakshi tumia dawa ya kutolea rangi na brashi ya manyoya. Mashine na brashi ya waya hula kingo za maua. Sehemu bapa zipige msasa namba 120, kisha 180, ukifuata nyuzi. Usizidishe hapo, maana mbao ikilainishwa mno hukataa rangi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao ileile au mahali pasipoonekana. Paka, subiri dakika chache, kisha futa yote ambayo mbao haikuinywa. Ncha za chini za mlango zirudie mara mbili au tatu, kwani huko ndiko maji hupandia.

Kitanda au kabati lina masharti yake. Paini inayotoka bara, kama ile ya Sao Hill, hunywa rangi kwa mabaka. Itangulizie tabaka moja la vanishi iliyozimuliwa sana, ikikauka ipige msasa mwepesi, ndipo utie rangi. Msaji una mafuta yake; ufute kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka. Malizia kwa tabaka tatu nyembamba za vanishi, ukipitisha msasa namba 240 kila tabaka likikauka.

Kazi ya nje isifanywe Masika. Chagua siku kavu, asubuhi umande ukishaondoka, na upake kivulini. Na kama mlango wako ni wa kale, kumbuka kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Pata ushauri wa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla hujaukwangua.

Mwisho, vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje wala kuvirundika stoo. Mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na vitambaa vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au viloweke ndani ya ndoo ya maji.