Safari ya Kupima Maji ya Tanganyika

Watoto, ninyi nyote mmekwisha kuona ndagala katika soko la Mzee, hapa Lubumbashi. Wamekaushwa, wanapimwa kwa kopo, na mama anabishana na muuzaji juu ya bei. Wengi wao wametoka mbali, katika ziwa Tanganyika. Wazee husema kwamba zamani samaki walikuwa wengi kuliko leo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, sababu ni nini? Mtu hawezi kujibu akiwa amekaa sokoni. Yampasa kwenda ziwani na meli, na kupima. Leo tutasoma namna safari ya meli kama hiyo inavyotayarishwa.

Ziwa hilo ambalo Mungu ametupa ni refu sana, karibu kilometa 670. Kina chake, pale palipo chini kabisa, ni meta 1,470. Mnajua lile dohani kubwa la Gécamines, linaloonekana toka pande zote za mji? Kimo chake ni kama meta 150. Basi, ukiyasimamisha madohani tisa kama hilo ndani ya maji, moja juu ya jingine, la juu kabisa lisingetokeza hata ncha.

Lakini samaki hawakai katika kina chote hicho. Upande wa kaskazini, ukishuka meta 100 hivi, na upande wa kusini meta 200 hivi, hewa ya kupumua imekwisha ndani ya maji. Huko chini ni giza, hakuna samaki. Hata hivyo huko chini ndiko kuna akiba ya chakula. Kila kitu kinachokufa juu huzama na kuoza, na maji ya chini yanakuwa na mbolea nyingi, kama jalala lililo karibu na shamba. Mbolea hiyo ikipanda juu penye mwanga wa jua, mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho huota. Vidudu hula mimea, ndagala hula vidudu, mikebuka hula ndagala, na sisi tunawala wote wawili.

Ni nani anayeipandisha mbolea? Ni upepo. Tangu mwezi wa tano hata mwezi wa tisa, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu. Husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na huku kusini maji ya chini huinuka kushika nafasi yao. Sasa shikeni neno hili: maji ya moto ni mepesi, maji ya baridi ni mazito. Maji ya juu yakizidi kupata moto, yanaelea juu ya yale ya chini kama mafuta juu ya maji, na upepo hauwezi tena kuyachanganya vizuri.

Basi, swali la safari ni hili: Maji ya Tanganyika yanazidi kupata moto, ndiyo au sivyo? Safari njema huanza na swali moja lililo wazi. Msafiri asiye na swali atarudi na daftari lililojaa hesabu, asijue la kuzifanyia.

Lakini ukipima leo, ukakuta digrii 26 juu na karibu 23 chini, umejua nini? Umejua leo tu. Kusema kwamba maji yamebadilika, yakupasa kujua yalivyokuwa zamani. Kwa hiyo kazi ya kwanza haifanywi ziwani, hufanywa penye kabati la vitabu. Mkuu wa safari hutafuta madaftari ya wale waliotangulia.

Kwa bahati njema wako. Katika miaka 1911 hadi 1913, daktari mmoja Mbelgiji, jina lake Louis Stappers, alizunguka katika ziwa Moero na ziwa Tanganyika akipima kina, akipima moto wa maji, na kukusanya samaki. Huyu Stappers ndiye aliyeandika, mwaka 1911, kitabu juu ya vidudu vya jamii ya kamba vilivyoletwa na meli Belgica kutoka Bahari ya Aktiki, bahari ya barafu iliyo juu kabisa kaskazini mwa dunia. Mimi niliposoma habari hiyo nilicheka: mtu wa vidudu vya barafu akaja kuloa jasho Moero! Mikebuka mnayemla, wataalamu wanamwita kwa Kilatini Lates stappersii, kwa kumkumbuka yeye. Baadaye, katika miaka 1946 na 1947, Wabelgiji wengine walikuja, wakiongozwa na Eugène Leloup. Mmoja wao, André Capart, ndiye aliyechora ramani ya kina cha ziwa.

Wale wazee waliandika mahali, tarehe, kina na kipimo. Kwa hiyo mkuu wa safari ya leo huchukua ramani na kutia alama palepale waliposimama wao. Huchagua pia miezi ileile. Ukipima wakati wa mvua kitu ambacho mwenzako alikipima wakati wa upepo, hujalinganisha kitu.

Vyombo navyo vinataka akili. Fikirini: unashusha kipimo cha moto kwa waya mpaka meta 600, halafu unakivuta juu. Njiani kinapita katika maji ya moto, na zebaki iliyo ndani yake inapanda. Kikifika mkononi mwako kinasema uongo. Wazee walifanyaje? Walitengeneza kipimo chenye shingo nyembamba sana ndani ya kioo. Walikishusha, wakangoja dakika chache, kisha wakatelemsha kwenye waya kipande cha chuma, ambacho mabaharia hukiita mjumbe. Mjumbe alikwenda mbio mpaka chini, akagonga kifungo, na kipimo kikapinduka, kichwa chini miguu juu. Mara zebaki ilikatika pale shingoni, na ile iliyokatika haikuweza kurudi. Hivyo kipimo kilipanda juu kikishika neno lake. Leo vyombo vya umeme hupima kila meta na kuandika vyenyewe, lakini lazima kwanza vijaribiwe kwa uangalifu. Tofauti kati ya maji ya juu na ya chini ni kama digrii tatu tu. Chombo kinachokosea nusu digrii hakifai.

Yanabaki mambo ya mafuta, mpishi, dawa ya malaria na barua. Barua si jambo dogo. Ziwa ni la nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, na meli isiyo na ruhusa hurudishwa.

Huko Aktiki watu hutayarisha vivyo hivyo, ila kwa ukubwa mwingine. Tangu mwaka 1979 barafu ya bahari ile hupimwa toka angani, na ile ya mwezi wa tisa imepungua zaidi ya theluthi moja. Tarehe 20 Septemba 2019 meli ya Wajerumani, Polarstern, iliondoka Tromsø katika Norwei. Ilijifunga kwenye barafu, ikachukuliwa nayo polepole miezi mingi, huku watu wa nchi karibu ishirini wakipima na walinzi wakiangalia dubu weupe. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulivuruga mpango wote: ilibidi meli iiache barafu yake kwa muda, kwenda kubadilisha watu. Ilirudi Bremerhaven tarehe 12 Oktoba 2020.

Na Tanganyika? Mwaka 2003 makundi mawili ya wataalamu yalitoa majibu yao. Walikuwa wamelinganisha vipimo vipya na vya zamani, tangu vile vya mwaka 1913. Hata maji ya kina kirefu yalikuwa yamepata moto, ingawa kwa sehemu ndogo ya digrii. Kundi moja lilikadiria kwamba mimea ile midogo ilipungua kama kwa asilimia 20, na kwamba samaki huenda walipungua kama kwa asilimia 30. Wengine wakajibu kwamba nyavu nazo zimezidi. Mwaka 2016 wataalamu waliochimba tope la chini ya ziwa walionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa mashine kuanza. Hata hivyo nyavu zipo, na matundu yake ni madogo. Mimi siwezi kuzitoa katika hesabu.

Huko Uvira, pembeni mwa ziwa upande wa kaskazini, kuna kituo cha Wakongo cha kuchunguza maji na samaki. Meli nyingine itakapotayarishwa, mkuu wake atafungua tena madaftari ya Stappers, atatia alama katika ramani, na kusimama mahali palepale.