Nchi Jirani: Bei ya Unga Zambia na Jiko la Askari

Serikali inapotangaza kwamba itapunguza matumizi yake, tangazo hilo huandikwa kwa maneno ya Hazina: ruzuku, nakisi ya bajeti, deni la nje. Lakini likifika nyumbani kwa mfanyakazi, au katika kota za polisi na kambi za jeshi, maneno hayo yote hugeuka kuwa swali moja: je, unga uliopo utafika mwisho wa mwezi? Baba huliuliza kimoyomoyo akiwa lindoni, na mama huliuliza akiwa mbele ya debe la unga. Katika mazungumzo yetu ya leo tutaeleza jinsi swali hilo lilivyowasumbua jirani zetu wa Zambia, hasa kati ya mwaka 1986 na 1991, na kwa nini askari, kuliko watu wengine, wana sababu ya kulifahamu jambo hili kwa undani.

Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa na utajiri mkubwa wa shaba. Katika miaka ya kwanza, karibu fedha zote za kigeni zilizoingia nchini humo zilitokana na madini hayo. Kwa shaba Serikali ilijenga shule, hospitali na barabara, na kwa shaba ilibeba mzigo wa kuunga mkono harakati za ukombozi kusini mwa Afrika. Mpaka wa Rhodesia ulipofungwa mwaka 1973, mizigo ya Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine, na ndiyo maana reli ya TAZARA na bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam vilikuwa na maana kubwa sana kwa nchi hiyo isiyo na bahari. Lakini mwaka huo huo wa 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla, na ilipofika 1975 bei ya shaba katika masoko ya dunia ilikuwa imeanguka. Serikali ikakopa kwa matumaini kwamba bei ya shaba ingepanda tena baada ya muda mfupi. Haikupanda kama ilivyotarajiwa. Deni ndilo lililopanda.

Sasa tuitazame ruzuku yenyewe, kwani ndiyo kiini cha habari hii. Chakula cha Wazambia ni ugali wa mahindi, ambao wao huuita nsima. Bodi ya taifa ya mazao ilinunua mahindi kwa mkulima kwa bei iliyowekwa na Serikali, kisha ikayauza kwa wenye vinu kwa bei ya chini kuliko gharama zake halisi. Tofauti hiyo ilijazwa na Hazina. Hivyo mkulima alipata soko, na mkazi wa mjini alipata unga wa bei nafuu.

Hapana budi kukumbuka kwamba Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye watu wengi zaidi waishio mijini. Mchimba madini wa Kitwe, Mufulira au Chingola hakuwa na shamba la kumwokoa mwisho wa mwezi. Alichokuwa nacho ni mshahara, na unga wa bei nafuu ulikuwa kama sehemu ya pili ya mshahara huo. Walimu, makarani, askari polisi na wanajeshi walikuwa katika hali hiyo hiyo.

Mpango huo ulikuwa na kasoro zake. Kila gunia lililouzwa liliongeza mzigo wa Hazina, wakati mapato ya shaba yalikuwa yakipungua. Tena, unga huo wa bei nafuu ulivushwa kwa magendo kwenda Zaire, kwa hiyo sehemu ya fedha za mlipa kodi wa Zambia ikaishia katika vyungu vya nchi nyingine na katika mifuko ya walanguzi. Shirika la Fedha la Kimataifa lilipoombwa mikopo, lilitaka ruzuku hizo zipunguzwe, na thamani ya fedha ya kwacha iachwe ifuate soko. Kuanzia Oktoba 1985 fedha za kigeni ziliuzwa kwa mnada. Kwacha ikaanguka vibaya, na kila kitu kilichotoka nje kikapanda bei, kuanzia mafuta hadi vipuri vya magari.

Ndipo ukafika Desemba 1986. Hapa tunawaomba wasikilizaji wetu wafuatilie kwa makini, maana jambo lililotokea si lile lililokusudiwa.

Kulikuwa na unga wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa mweupe na laini, mfano wa sembe yetu ya daraja la kwanza. Wa pili ulikuwa wa kukobolewa kidogo, wa bei ya chini, uliotumiwa zaidi na watu wa kipato kidogo. Serikali iliamua kuondoa ruzuku ya ule unga mweupe, na bei yake ikapanda kwa asilimia 120. Unga wa daraja la pili ulikusudiwa kubaki na ruzuku ili mnyonge asiumie. Katika karatasi, uamuzi huo ulionekana kuwa wa haki: mwenye nacho alipe zaidi, asiye nacho alindwe.

Lakini mpango huo ulimsahau mwenye kinu. Aliambiwa auze unga wa daraja la pili kwa hasara, kisha alipwe fidia na Serikali. Naye akajiuliza: Hazina ambayo haina fedha itanilipa lini? Wenye vinu wengi walipunguza au kuacha kusaga unga huo. Katika muda mfupi unga wa mnyonge ukatoweka madukani, na uliobaki ni ule mweupe, kwa bei iliyozidi maradufu. Hatua iliyotangazwa kuwa itamgusa mwenye nacho ikamwangukia mnyonge kwa uzito wake wote.

Ghasia zilizuka katika Mkoa wa Shaba. Mjini Kitwe, Ndola na kwingineko maduka na maghala yalivunjwa na kuporwa. Askari wa usalama walipelekwa, na watu kutotoka nje usiku kukaamriwa. Kwa hesabu iliyotolewa rasmi, watu 15 walipoteza maisha. Baada ya siku chache Rais Kenneth Kaunda alitangaza kwamba bei ya zamani inarudi, na Serikali ikavitaifisha vinu vikubwa vya watu binafsi.

Ndugu askari, hebu tusimame hapa kidogo. Askari aliyepangwa kulinda duka la unga mjini Kitwe katika siku zile alikuwa mtu mwenye familia. Mshahara wake ulitoka katika bajeti ile ile iliyokuwa ikipunguzwa, na nyumbani kwake ulipikwa ugali wa unga ule ule. Mama aliyekuwa katika foleni mbele yake angeweza kuwa jirani yake wa kota. Huu ni mzigo ambao mtu wa Hazina, mwenye kalamu na meza, haubebi. Kosa la hesabu likifanyika ofisini, anayekutana nalo wa kwanza barabarani ni askari, na anakutana nalo likiwa limekwisha kuwa hasira.

Baada ya ghasia hizo, tarehe 1 Mei 1987, Rais Kaunda alitangaza kuachana na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Alisema Zambia haitalipa madeni ya nje kwa zaidi ya asilimia 10 ya mapato yake halisi ya mauzo ya nje, na kwamba itakua kwa kutegemea rasilimali zake yenyewe. Ulikuwa uamuzi wa kishujaa, na wengi katika nchi changa waliushangilia. Hata hivyo ushujaa haukujaza Hazina. Wafadhili walifunga mifuko yao, na bidhaa zikaadimika. Mwaka 1989 zilianzishwa kuponi za unga kwa familia za mijini, na kabla mwaka huo haujaisha Serikali ilikuwa imekwisha kurudi katika mazungumzo na wakopeshaji wale wale.

Mwezi Juni 1990 bei ya unga ilipandishwa tena, na kwa mara nyingine ilizidi maradufu. Safari hii moto uliwaka katika mji mkuu, Lusaka, ukianzia kwa wanafunzi wa chuo kikuu na kuenea mitaani. Maduka ya Serikali yaliporwa, na watu zaidi ya 20 waliuawa. Mwisho wa juma hilo ofisa kijana wa jeshi, Luteni Mwamba Luchembe, aliingia katika kituo cha redio kabla ya mapambazuko na kutangaza kwamba jeshi limetwaa madaraka. Jaribio hilo lilizimwa katika muda wa saa chache na askari waliobaki na utii wao. Lakini katika saa hizo chache watu walijitokeza barabarani Lusaka wakishangilia.

Kushangilia huko hakukuwa dalili kwamba wananchi walimjua Luteni huyo au mipango yake. Watu wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake. Walishangilia kwa sababu ya uchovu. Na kwa askari fundisho ni la pande mbili. Kwanza, bunduki haisagi mahindi: kama jaribio lile lingefaulu, kesho yake Hazina ingekuwa tupu vile vile, deni lingekuwa lile lile, na bei ya shaba isingepanda hata kwa senti moja. Pili, utulivu unaotegemea bunduki peke yake ni utulivu wa kuazima.

Jibu la Wazambia lilipatikana kwingine. Chama kimoja kilikuwa kimetawala kisheria tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Mwaka 1990 Rais Kaunda alikubali uchaguzi wa vyama vingi, na tarehe 31 Oktoba 1991 wananchi walipiga kura. Bwana Frederick Chiluba, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alishinda kwa zaidi ya robo tatu ya kura. Rais Kaunda alikubali kushindwa na kuondoka kwa amani, jambo ambalo Afrika iliendelea kumheshimu kwalo hadi alipofariki dunia mwezi Juni 2021.

Jambo la kushangaza ni hili: Serikali mpya ndiyo iliyoondoa ruzuku ya unga, ile ile iliyoitikisa Serikali ya zamani, na nchi haikuwaka moto. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba hali ngumu ilikuwa imezungumzwa waziwazi kabla ya kura, na watu walikuwa na muda wa kujiandaa. Sababu ya pili ilikuwa mitaani. Biashara ya mahindi ilipofunguliwa, mashine ndogo za kusaga zilifanya kazi kwa wingi katika mitaa ya kawaida. Mama alinunua mahindi, akayapeleka mashineni, akarudi na dona kwa gharama ndogo kuliko unga wa vinu vikubwa. Njia ya kujiokoa ilipatikana, na hasira ikapungua.

Tusije tukadhani kwamba mambo yalikuwa mepesi. Katika miaka ya 1992 na 1993 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 100 kila mwaka. Ada zilianzishwa hospitalini, viwanda vingi vilifungwa, na migodi ilipouzwa maelfu ya watu walipoteza kazi. Familia nyingi zililipa kwa kumtoa mtoto shuleni au kwa kupunguza mlo. Msamaha mkubwa wa madeni ulipatikana mwaka 2005, lakini baadaye nchi ilikopa tena, na Novemba 2020 ikashindwa kulipa wadai wake. Serikali ya Rais Hakainde Hichilema, iliyochaguliwa Agosti 2021, iliondoa ruzuku ya mafuta Desemba mwaka huo, na mwaka uliofuata ikapata mkopo wa dola bilioni 1.3 kutoka kwa shirika lile lile la fedha. Tofauti ni kwamba tangu Januari 2022 ada za shule za sekondari za Serikali zilifutwa, na walimu zaidi ya 30,000 wakaajiriwa. Mzazi aliyelipa zaidi kwa nauli aliweza kuona kilichorudi nyumbani kwake. Hata hivyo ukame wa mwaka 2024 uliikausha mahindi mashambani, na unga ukawa tena mazungumzo ya kila nyumba.

Ndugu wasikilizaji, hakuna Serikali inayoweza kutumia daima kuliko inachopata, na anayewaahidi watu hivyo anawadanganya. Lakini Zambia inatufundisha kwamba kupunguza matumizi ni kama kumpasua mgonjwa. Haitoshi daktari kuwa na haki ya kushika kisu. Lazima ajue mshipa unapita wapi. Mwaka 1986 mshipa ulikuwa unga wa daraja la pili, nao ukakatwa bila kukusudiwa.

Askari hapangi bei ya unga. Lakini yeye yumo katika foleni na yumo pia mbele ya foleni. Akiijua asili ya hasira iliyo mbele yake, atailinda mali bila kumchukia mwenye njaa, na atatii amri bila kusahau kwamba sufuria iliyo tupu katika nyumba ya jirani inaweza kuwa tupu na nyumbani kwake.