Darubini ya Fundi (Sehemu ya 4): Mahali pa Kuweka Beringi

Wiki iliyopita tulimaliza kunyoosha kioo, mwanga wa nyota ukawa unaangukia pale unapotakiwa. Leo tunahamia kwenye kitu kidogo kilicho ubavuni mwa darubini ya Newton: neli fupi inayoingia na kutoka, ikiendeshwa na virungu viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, kwa ajili ya kusogeza lenzi ya jicho hadi taswira itulie. Tukiite kifaa cha fokasi. Kwenye darubini za bei nafuu, hiki ndicho kiungo ambacho kiwanda kimekifanyia ubahili kuliko vyote, na kioo kizuri hubebeshwa lawama zake.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu beringi itaonekana ni pambo tu. Mbele na nyuma ya mahali mwanga unapokutana pana nafasi ndogo ambamo jicho haliwezi kugundua kasoro. Urefu wa nafasi hiyo unategemea uwiano wa darubini, yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa kioo. Darubini yenye kioo cha milimita 150 na urefu wa fokasi wa milimita 750 ina uwiano wa 5. Zidisha 5 kwa 5, kisha zidisha kwa 4, halafu kwa urefu wa wimbi la mwanga wa kijani, ambao ni mikroni 0.55. Jibu ni mikroni 55, pungufu kidogo ya sehemu sita katika sehemu mia za milimita. Mwenye darubini ya uwiano wa 10 ana mikroni 220, ndiyo maana darubini ndefu za zamani zilivumilia vifaa vibovu vya fokasi bila mtu kulalamika.

Sasa tazama kirungu. Kama shafti yake ina unene wa milimita 6, mzunguko mmoja husogeza neli karibu milimita 19, na digrii moja husogeza mikroni 52. Maana yake, digrii moja tu ya kirungu imekwisha kumaliza nafasi yote tuliyoihesabu. Ikiwa kirungu kina upana wa milimita 40, digrii hiyo kwenye ukingo wake ni kama theluthi moja ya milimita. Vidole vya binadamu vinaweza kazi hiyo, mradi chuma kinatii.

Na chuma hakitii. Kitu kilichotulia hushikwa na msuguano mkubwa kuliko kile ambacho tayari kinasogea. Unaongeza nguvu, neli haitikisiki. Unaongeza kidogo tena, inachomoka kwa ghafla na kupita mahali ulipotaka. Unairudisha, inapita upande wa pili. Kila aliyewahi kuitafuta Zohali kwa darubini ya dukani anakijua kichekesho hiki. Beringi inatibu hapo hasa: kitu kinachobingirika huhitaji karibu nguvu ileile kuanza na kuendelea. Watu husifu ulaini wa beringi, lakini ulaini ni nusu ya habari. Tunachonunua ni uwezo wa kusimama tunapotaka.

Viwanda vina dawa yao rahisi, nayo ni grisi nzito ya kunata. Hujaza nafasi kati ya neli na ganda lake, ikaficha ulegevu, na mteja akizungusha kirungu dukani huhisi kitu imara. Kiangazi cha Ituri, kuanzia Desemba hadi Februari, hakina heshima kwa grisi hiyo. Vumbi jekundu la barabara zetu huingia humo na kuigeuza kuwa msasa. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kununua chochote, ni kufungua kifaa chote, kukitoa kabisa kwenye darubini ili mvuke usikifikie kioo, na kukisafisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Wengine wataridhika hapo hapo, na sitawalaumu.

Aliyepata suluhisho la kudumu alikuwa fundi wa kujitolea, John Wall, mwanachama wa chama cha wapenda nyota cha Crayford, pembeni mwa London. Aliondoa meno na gia kabisa. Neli ikalala juu ya beringi nne zilizopangwa jozi mbili, na upande wa pili shafti nyembamba ikaikandamiza. Ukizungusha shafti, inaiburuta neli kwa kuishika tu. Maelezo yake yalichapishwa katika jarida la Chama cha Wanajimu cha Uingereza Februari 1971, na mwaka uliofuata yakawafikia wasomaji wa jarida la Sky & Telescope huko Marekani. Wall hakuchukua hataza. Alimwachia kila mtu, na leo karibu kila kiwanda kinauza kifaa kiitwacho Crayford, jina la kile kitongoji.

Kwa mwenye kifaa cha gia, kuna sehemu mbili za kuweka beringi, na watu wengi huanza na ile isiyo na faida kubwa. Ya kwanza ni kwenye shafti: unatoa vishikizo vya plastiki ambavyo shafti inazungukia, unaweka beringi ndogo mahali pake. Kirungu kitakuwa chepesi na kitapendeza mkononi. Lakini neli bado inakwaruza ndani ya ganda lake, na kule ndiko kwenye ugonjwa. Ya pili ni chini ya neli yenyewe, kama alivyofanya Wall. Kama fedha inatosha kwa sehemu moja tu, iende huko.

Beringi za kutumia si zile za gurudumu la moto. Namba 6202, ambayo muuza vipuri yeyote wa Bunia anaijua, ina tundu la milimita 15 na upana wa nje wa 35. Haitakaa popote kwenye kifaa chetu. Tunatafuta 623, yenye tundu la 3 na upana wa nje wa 10, au 624, yenye 4 na 13, au 625, yenye 5 na 16. Namba 608, ya 8 kwa 22, inafaa kwa darubini kubwa. Hizi ndogo ni adimu kwenye vibanda vya vipuri vya moto, ila wanaotengeneza mashine za kusagia chuma huwa nazo, na mashine ya fotokopi iliyokufa aghalabu huzikwa na beringi kadhaa nzima ndani yake. Mfanyabiashara anayeleta mzigo kutoka Kampala kupitia Mahagi au Aru anaweza kuagizwa kwa namba tu. Haina haja ya kumweleza habari za nyota.

Mwambie pia herufi za mwisho. ZZ ni beringi yenye vifuniko vya bati, 2RS ina vifuniko vya mpira. Ya bati huzunguka kwa wepesi zaidi, ya mpira huzuia vumbi. Kwa mwendo wa polepole kama wetu, uzito wa mpira hausikiki sana, basi Bunia nachagua mpira. Kabla ya kulipa, ishike beringi kwa vidole na uizungushe taratibu sana. Ukihisi vipunje, iache. Beringi iliyochoka hudanganya ikizungushwa kwa kasi, ila polepole husema kweli.

Kitako cha kuzibeba chaweza kuchongwa kwa ubao mgumu uliokauka vizuri, mvule kwa mfano, au kipande cha alumini kwa fundi mwenye mashine ya kukereza. Beringi za kila jozi zitazamane kwa pembe, neli ilale katikati yake. Jozi ya mbele na ya nyuma ziachane kwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Zikiachana milimita 40 na pakawa na ulegevu wa sehemu moja ya kumi ya milimita, neli huinama takriban digrii 0.14, ongeza umbali mara mbili, mwinamo unapungua nusu. Matundu ya skrubu yafanye marefu kidogo ili beringi ziweze kusogezwa. Kisha chomeka ukanda wa karatasi nyembamba kati ya kila beringi na neli, na ujaribu kuuvuta. Zote nne lazima ziubane. Ile inayouachia haifanyi kazi yoyote.

Hapa wengi huharibu kwa wema: wanapaka mafuta kila mahali. Shafti ya Crayford huiburuta neli kwa msuguano, nao ukiondoka, kirungu kitazunguka bure. Beringi zina grisi yake ndani, zinatosheka. Pale shafti inapoigusa neli pawe pakavu, na pawe bapa, kwa kupiga tupa au kwa kugundisha ukanda wa chuma cha pua. Wala usikaze mno skrubu ya kukandamiza. Alumini ni laini, na beringi huchimba humo mifereji midogo isiyosameheka.

Jambo moja linatuhusu sisi wa hapa kuliko wa Ulaya. Bunia iko digrii moja na nusu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo Mwezi na sayari hupita karibu na utosi. Darubini ya Newton ikielekea juu, kifaa cha fokasi hulala ubavu, na lenzi nzito huivuta neli chini kwa ncha yake. Geuza kifaa ili beringi ziwe upande wa chini na shafti juu.

Asiyeweza kununua gia ya kupunguza mwendo mara 10 abane kibanio cha nguo kwenye kirungu. Kinakuwa mkono mrefu, na ile theluthi ya milimita inakua hadi vidole vinaielewa.

Majaribio yafanyike ndani ya uzio. Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na neli fupi nene iliyoinuliwa juu ya miguu mitatu gizani haifanani na darubini machoni mwa doria. Jirani na shefu wa avenyu wajulishwe mapema, mchana, na waonyeshwe kifaa chenyewe.

Nyota ya kujaribia ni Alfa Kentauri, inayoonekana kusini jioni za Mei na Juni: nyota mbili zinazozungukana kwa miaka karibu 80. Tumia lenzi yenye ukuzaji mkubwa, zitenganishe, kisha ingiza na utoe neli pande zote mbili za fokasi. Zikibaki katikati huku zikifura na kusinyaa, kazi imekamilika. Zikihama kwenda pembeni kila unapobadili mwelekeo, neli inainama: legeza jozi ya nje, isogeze juu kidogo, urudie ile karatasi. Wiki ijayo, miguu ya darubini na mtikisiko wake.